Kamba ya Baba Yako Nimeikata Mimi

Mume wangu Bakari,

Sijui salamu za walio juu ya mchanga huwafikaje walio chini yake, lakini chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifunzwa kwamba mtu haanzi habari kabla ya salamu. Basi pokea zangu, na za wanao wawili, na Mola akulaze pema. Mimi ni mzima. Nimechoka tu.

Nataka hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine: kamba ya baba yako nimeikata. Nimeikata Jumatano baada ya adhuhuri, uani petu, kwa panga lako mwenyewe, na mama yako akitazama. Vipande saba. Athumani mdogo wako alikuwa apande nayo Jumamosi kwenye ule mkuyu mkubwa wa Shimanzi ulioegemea paa la ghala, nami sikuwa tayari kuletewa mtu wa pili juu ya kitanda.

Nakuandikia nimekaa kizingitini, mtoto pajani ananivuta mkono, kwa hivyo mstari ukienda upogo si mimi, ni yeye. Huyu humjui. Ulimwacha tumboni, wala sikuwa nimemaliza kukwambia kwamba anacheza. Ni mwanamume. Tumemwita jina lako, na ana masikio yako, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Dadake Zuhura anasema si mtoto, ni baba amekuwa mdogo. Sijamkataza.

Wakumbuka siku ya kwanza? Ulikuja kukata matawi ya mkungu wa jirani zetu, na kama ilivyo ada ya wakwezi wa mji huu hukuugusa mti mpaka umewaonya wanawake, maana mtu akiwa juu huziona nyua zote. "Wenye nyumba, mkwezi apanda! Sitirini!" Ukaita mara moja, ukaita ya pili, ukaita ya tatu, na bado umesimama chini umefumba macho kama aliyeingiwa na mchanga. Mimi nikajibu nyuma ya mlango: "Tumesikia! Panda basi, au wangoja upigiwe ngoma?" Ukasema, "Nangoja sauti hiyo iingie ndani kwanza." Mamangu alinifinya paja hata likavilia damu, na baada ya Idi mkaja kuposa.

Tulipooana ndipo nilipojua kwamba kazi yako haikuwa kupanda. Kupanda hata paka hupanda. Kazi yako ilikuwa kukagua. Hapa kwetu Kibokoni, nyumba zimebanana, tawi haliangushwi ovyo. Hufungwa, likakatwa, likateremshwa polepole kama mgonjwa. Na wewe mwenyewe huko juu umeegemea kamba yako, mikono yote miwili ina kazi. Ulikuwa ukija na kamba ya mtu aliyekuazima unaniwekea mapajani. "Vidole vyako vimeshona kofia tangu udogo," ulisema, "vyaona kuliko macho yangu. Nitazamie." Ukanifunza kuusokotoa uzi kinyume, ufunguke, nichungulie ndani, maana kamba husema uongo kwa nje. Ukanifunza kunusa. Ukanifunza kubonyeza kwa ukucha na kusikiliza kama nyuzi zitalia kama majani makavu. Nikisema hii hapana, hukuniuliza mara mbili. Uliirudisha kwa mwenyewe, na wengine walikasirika, ukawaambia, "Si mimi, ni serikali ya nyumbani."

Kamba ya kila mtu ulinipa niifunue, Bakari. Isipokuwa ya baba yako.

Ile haikufunuliwa. Ile ilikuwa na msumari wake ukutani, juu ya mlango wa chumba cha mama. Babu yako ndiye aliyeisokota kwa usumba wa nazi, baba yako akaitumia maisha yake yote asipate hata mkwaruzo, na ilipokufikia wewe haikuwa kamba tena, ilikuwa mzee mmoja wa nyumba. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, ilishushwa, ikafukizwa ubani, ikasomewa Yasini, kisha ikapakwa sifa, yale mafuta ya papa wapakayo vyombo vya baharini, mpaka ikawa nyeusi inang'aa. Nyumba ilinuka siku tatu. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka ule wa mwisho mama yako alinikabidhi mimi kazi ya kupaka. Ilikuwa heshima kubwa. Aliniita mbele ya wifi zangu, akanipa kopo na kitambaa, akasema, "Mkono wangu umechoka, mwanangu. Sasa ni wako." Nilikuwa nimekaa katika nyumba hii miaka minne, na siku ile ndiyo niliyojiona wa hapa. Nikapaka pima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika pima ya nne kidole gumba kikazama.

Hakikuzama sana. Kama unavyobonyeza embe upande mmoja ukajua. Mama yako alikuwa amekaa hatua mbili mbele yangu, anasoma. Ningesema nini? Kwamba siku niliyopewa heshima ndiyo siku ya kuwaambia kwamba mzee wao ameoza? Nikanyamaza. Nilikwambia wewe asubuhi yake, pole pole, ukifunga mshipi wako kiunoni. Nikasema, "Ile kamba ina pahala palipolegea." Wewe hukunitazama. Ulisema, "Zidisha mafuta."

Nami nikazidisha.

Hilo ndilo lililonila mwaka mzima. Ungesema vile juu ya kamba ya mtu mwingine ningekushika kanzu, nisingekuachia utoke. Lakini hii ilikuwa ya baba, na mama alikuwa ndani, na mimi nilikuwa mkaza mwana aliyelelewa vizuri. Nilichukua kopo, nikapaka pale pale palipozama, mara tatu, mpaka pakawa pagumu kwa nje. Niliificha kwa mkono wangu. Nisamehe, mume wangu. Wewe una makosa yako katika jambo hili na mimi nayajua, lakini hili ni langu, na nimelibeba na mimba na uzazi na kunyonyesha, nimechoka nalo.

Siku ile ulikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu, kwenye mzambarau. Nilikusikia ukiita. "Wenye nyumba, mkwezi apanda! Sitirini!" Mara tatu, kama kawaida. Nilitabasamu peke yangu jikoni. Kisha nikasikia shoka. Kisha sikusikia shoka, nikasikia wanawake.

Watu wamesema siku yako ilifika. Nami nasema ilifika, sina ubishi na Mwenyezi Mungu. Lakini kamba nayo ilikuwa imeoza, na maneno haya mawili hayapingani. Nimekaa eda nikiyafikiri, kwa kuwa nilikuwa na wakati. Mungu ametupa siku zetu, na ametupa vidole pia.

Basi sikiliza yaliyotokea wiki hii. Athumani amemaliza miezi akibeba magunia, akasema kazi ya ukoo haiwezi kufa. Wazee wakakubali: kwa ada ya nyumba hii kamba ya marehemu ni ya nduguye, asubiri tu mjane atoke edani. Mimi nilitoka edani siku niliyojifungua, na arobaini ya uzazi imepita zamani. Hapakuwa na kizuizi tena. Akaishusha ukutani, akaipeleka kwa fundi mmoja wa vyombo vya bandarini, fundi akapaondoa pale palipokatika siku yako, akaziunga ncha mbili. Jumatano akairudisha mabegani, uso wote meno.

"Shemeji, tazama! Imekuwa nzima kama bi harusi."

"Bi harusi hufunuliwa," nikamwambia. "Hebu nami nimfunue huyu."

"Kamba ya baba haifunuliwi."

"Ndiyo maana kaka yako yuko makaburini."

Nilijuta kulisema hivyo, lakini lilikuwa limeshatoka. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alisema bila kuinua uso, "Mwache mwenzio. Palipokuwa pabovu pametolewa."

"Mama, si pahala pamoja. Imeoza kote."

"Wewe umejuaje?"

Nilimchukua mtoto nikampakatisha mama yako, ili mama asiweze kusimama haraka. Ndiyo, nilifanya hivyo kwa kukusudia. Nikaenda nyuma ya mlango nikatoa panga lako. Athumani akadhani nataka kukata kuni. Nikaikanyaga kamba kwa mguu mmoja na kuipiga, na wallahi Bakari, haikutaka nguvu. Kipande cha kwanza kilikatika kama muwa. Nikapiga tena mbele, na tena, nilitaka waone kwamba si pahala pamoja. Athumani alinishika mkono kwenye kipande cha sita na mimi nikakikata cha saba kwa mkono mwingine.

Nje ilikuwa nyeusi, ngumu, nzuri. Ndani ilikuwa ugoro. Ilimwagika juu ya sakafu kama mtu amepindua kopo la tumbaku ya kunusa.

Mama yako alichukua kipande kimoja. Alitia kidole ndani, akakitoa, akakitazama. Mtoto akataka kukishika, akamzuia mkono. Kisha akauliza, "Nani alijua?"

Nikasema, "Mimi. Siku ile uliyonipa kazi ya kupaka."

Nilidhani atanifukuza. Hata sanduku langu nilikuwa nimeshalifikiria, lipi nitie na lipi niache. Akasema, "Mimi nilianza kuuhisi ulegevu huu mume wangu angali hai. Nilidhani ni vidole vyangu vimezeeka." Akanirudishia mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakusema nami neno tena, wala mimi sikumsemesha. Tulipishana jikoni kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja.

Lakini Athumani alisema. Alisema kwa wawili.

"Na Jumamosi nipande na nini, shemeji? Na mkanda wa kanzu? Nimeshachukua kazi ya watu!"

"Nitakuletea kamba."

"Wewe? Mwanamke akachague kamba ya mkwezi? Watanicheka mpaka Likoni!"

"Wakucheke ukiwa hai."

Akaniambia ana rafiki bandarini atakayemwazima. Nikamuuliza imelala wapi kamba hiyo na imebeba nini. Hakujua. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa jioni tu. Ikifika hiyo na sijaleta, aende kwa rafikiye. Akakubali, nafikiri kwa kuwa alijua sitaipata. Vita vya Wazungu vimekwisha lakini kamba nzuri bado ni adimu, hilo hata mtoto wa chuoni analijua.

Alhamisi nikavaa buibui, nikamfunga mtoto kifuani, nikaenda kwa yule mzee Mhindi wa Kibohora auzaye misumari na kamba, unamjua, yule aliyekuwa akikwita "Bwana Nyani" na wewe ukacheka. Alinipa pole. Kisha akaniletea kamba moja nyeupe, ya meli, laini kama hariri, inameta. Akasema hii ndiyo waliyokuwa nayo wanamaji. Wote dukani wakaisifu. Nikakaa kwenye gunia, nikaanza kuisokotoa.

"Bibi," akasema, "wanunua kamba au wachagua leso?"

"Leso ikipasuka nitaona haya tu."

Ndani ilikuwa na weupe mwingine, weupe wa unga. Nikanusa, ikanichoma pua.

"Imelala wapi hii?"

"Ghalani, Shimanzi. Pakavu kabisa!"

"Imelala na nini?"

Akamwita karani wake kwa Kigujarati. Karani akajibu, na nikalisikia neno betri. Betri za magari, Bakari. Tindikali imeinywa yote. Yule mzee ni mtu mwema. Aliikunja ile kamba mwenyewe, akaitupa nyuma ya duka na kumgombeza karani mpaka watu wakasimama mlangoni.

Ya pili ilikuwa ya usumba, mpya. Hiyo ilinitia huzuni maana harufu yake ilikuwa ya nyumbani. Ilikuwa nzima. Lakini niliivuta na hamali mmoja akanivutia upande wa pili, ikarefuka kama mpira. Mtu akiiangukia itamteremsha hatua kadhaa kabla haijamshika, na katika nyua zetu hatua kadhaa ndiyo sakafu. Nikaiacha. Ya tatu ilikuwa ya katani, nyuzi tatu nene, rangi ya majani yaliyokauka, ngumu, inakwaruza. Hakuna aliyeisifu. Niliifunua pima baada ya pima, mwanzo mpaka mwisho, mtoto akanyonya akalala akaamka. Ndani kulikuwa kama nje. Nyuzi zililia zilivyotakiwa kulia. Haikuwa na harufu ila ya majani.

"Nataka kuitundika," nikasema.

"Kuitundika wapi?"

"Hapo kwenye boriti. Na mahamali wako wawili waning'inie."

Wakaning'inia wote wawili, miguu juu, kama popo, dukani kote watu wanapiga makofi, na mmoja akapiga kelele, "Bibi, tuongezwe watu wangapi ndiyo itoshe?" Hata mimi nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu wewe. Nilivyolipa ni siri yangu na mkono wangu ulio mtupu. Usiulize, bangili zilikuwa zangu.

Ijumaa nilikwenda kwa fundi viatu na ule mshipi wa Athumani wa kupandia. Ngozi ilikuwa njema, lakini ulishonwa kwa uzi wa pamba na jasho limeshaula. Nikamwambia aufumue wote, aushone upya kwa uzi wa katani uliopitishwa nta, mistari miwili, na ile bizimu yenye kutu aitoe atie nyingine. Akasema kutu kidogo haina neno. Nikamwambia basi apande nayo yeye. Akaitoa.

Jioni nikaviweka vyote mbele ya Athumani. Aliitazama kamba, akaniuliza kwa nini ni mbaya hivi. Nikamwambia masharti yangu. Kamba hii haifungi mbuzi, haiteki maji, hailali karibu na chokaa wala mafuta ya taa, haipakwi kitu. Kila siku kabla ya kupanda ataifunua, na asipojua ataniletea. Na siku nitakaposema basi, itakatwa, hata kama ni mimi niliyeinunua, hata kama imemwokoa mara mia.

"Haitakuwa ya urithi?" akauliza.

"Haitakuwa. Sitaki mwanangu aje aione ukutani akaipenda."

Aliichukua.

Jumamosi sikuweza kushona. Nilichoma sindano kofia ile ile, nikaifumua, nikachoma tena. Shimanzi ni mbali, huwezi kusikia mtu akiita, na sijui kama ni afadhali au ni vibaya zaidi. Mama yako alikuwa mlangoni kwake na tasbihi. Adhuhuri ikapita. Nikampa Zuhura chakula sikumbuki chakula gani.

Alirudi karibu na alasiri. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu alikuwa akilalamika tangu mwanzo wa kichochoro. Kamba yangu imemchuna kiuno. Kamba yangu ni nzito kama mashua. Tawi moja kubwa lilimwachia chini ya miguu na akabaki akining'inia, wenzake wakimcheka, na kamba yangu ikamkwaruza mpaka ubavuni, tazama, shemeji, tazama mwenyewe! Akainua shati. Alikuwa amechubuka kweli. Akalalamika akinawa, akalalamika akikaa, na mimi nilisimama pale na birika mkononi nikimsikiliza, na ningeweza kumsikiliza mpaka Ijumaa nyingine. Wewe hukurudi na malalamiko siku ile.

Mama yako ndiye aliyemnyamazisha. "Kula, we mtoto," alisema, "kiuno kitapona." Ndipo akanigeukia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatano. Aliivuta ile kamba ya katani kwenye mkeka wake, akaiweka mapajani kama nilivyokuwa nikiweka mimi, akasema, "Nionyeshe unavyofanya."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwako. Barua hii sitaifunga. Nitaiacha juu ya sanduku, na mwanamke yeyote mwenye mume mkwezi akiingia humu ndani na aisome, hata kama mavyaa wake, mama wa mumewe, amekaa hatua mbili.

Mimi sikusahau, wala sitafuti kusahau. Nakuombea kila swala, nawe ukiweza utuombee. Sasa niache niende. Mama yako ananiita huko uani. Amefika pima ya tano, ameufunua uzi na hajui kuurudisha.

Mkeo,
Mama Zuhura